Maneno Yakaayo Jikoni

Leo nataka kuzungumza nanyi habari za jikoni, wala msinicheke kwa kuwa mimi ni mwanamume, tena karani wa parokia ambaye kazi yake ni vitabu vya ubatizo na ndoa. Hapa kwetu Nyamiaga, juzi juzi, bibi mmoja jirani yangu alimtuma mjukuu wake akamletee ingasire. Mtoto alikwenda nyuma ya nyumba, akakawia, akarudi mikono mitupu. Akauliza kwa Kiswahili, "Bibi, ingasire ndiyo nini?"

Ingasire ni jiwe dogo la kusagia, lile la juu lishikwalo kwa mikono miwili. Kubwa la chini ni urusyo. Mtoto yule simlaumu. Mashine ya kusaga imekuja, nami naishukuru, maana mama yangu aliamka gizani kusaga, na mgongo wake wamjua jiwe hilo kuliko mimi. Lakini jiwe likiisha kutupwa, neno lake litakaa wapi? Na amashiga je, yale mawe matatu ya kuinjikia chungu? Mwenye jiko la mkaa hana haja ya kuyataja. Tazameni lakini jinsi neno hilo lilivyo ndugu wa mafiga ya Kiswahili, hatukuazimana jana.

Tena maneno ya chakula yana umri wake. Uburo, yaani ulezi, na amasaka, yaani mtama, ni nafaka za Afrika hii tangu kale. Bali maharage, mahindi na mihogo asili yake ni Amerika. Wareno waliivusha mimea ya huko baharini baada ya mwaka 1500. Sisi twasema ibiharage, na kwa maoni yangu neno hilo lilipanda kutoka pwani pamoja na mbegu. (Msimwambie bibi jirani yangu. Yeye anaapa kwamba maharage yalikuwapo tangu Adamu.)

Msidhani haya ni mchezo wa watu waliosoma chuo cha ualimu. Mwishoni mwa Aprili 1994 Wanyarwanda wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kwa muda wa siku moja hivi, wakaingia wilaya yetu ya Ngara, wakapiga kambi Benaco. Mimi nilikuwa mtoto mchanga mgongoni, lakini mama amenisimulia mara nyingi. Mwanamke mgeni alisimama mlangoni petu na chungu kitupu, akaomba umunyu. Kiswahili hakukijua hata kidogo. Mama hakuhitaji mkalimani, kwa kuwa chumvi kwa Kihangaza nayo ni umunyu. Akampa, akamwongezea ibiharage, wakaketi wakaongea habari za watoto mpaka jua likashuka.

Sasa fikirini nyumba yangu. Mke wangu ni Mhaya wa Bukoba. Yeye asema ebitoke, mimi nasema ibitoke, na watoto wetu wasema ndizi. Kiswahili kimetuunganisha, nasi hatuwezi kukilalamikia. Hata hivyo binti yetu mkubwa, mwenye miaka kumi, alipokwenda kumsalimu nyanya yake alikaa jikoni kama mgeni, akitabasamu tu bila kuelewa. Jambo hilo liliniuma.

Basi likizo iliyopita tulimpeleka akae huko majuma matatu. Mama alitoa amri moja: karibu na moto ni Kihangaza peke yake, na asiyejua jina la kitu asikiguse. Siku ya kwanza mtoto alikula akiwa amechelewa sana, maana hata mwiko hakuweza kuuomba. Mke wangu alinitazama kwa jicho baya. Siku ya nne alikuwa akiagiza kuni na maji kama mwenye nyumba.

Amerudi na daftari la shule lenye maneno 43. La mwisho ameliacha wazi: ni jina la ukoko wa chini ya chungu. Mama ana lake, na jirani aliyezaliwa ng'ambo ya mto Ruvubu ana jingine, na mpaka Jumapili hii bado wanabishana.