Amempakata: Neno Moja katika Kitabu cha Ubatizo

Niliwafundisha vijana nyakati za vitenzi kwa zaidi ya miaka 30. Sikudhani kwamba uzeeni kiambishi kimoja kingenikosesha usingizi.

Mjukuu wangu wa kwanza alibatizwa Dominika ya pili ya Pasaka, parokiani kwetu mjini Moshi. Marehemu mke wangu ndiye aliyemshonea vazi jeupe, kwa kitambaa kilichobaki cha gauni lake la harusi. Miezi minne baadaye Mungu alimwita. Binti yetu hakuweza kuzitazama picha za siku ile. Alinikabidhi zote ndani ya bahasha, akasema, "Baba, zitengenezee kitabu. Mtoto akikua atauliza."

Nikanunua kaunta buku lenye jalada gumu, mkasi na gundi. Cheti cha ubatizo sikukibandika, kwa kuwa kitahitajika wakati wa komunyo ya kwanza, kipaimara na hata ndoa. Nilitia nakala yake. Nyuma ya kila picha niliandika tarehe kwa penseli, maana wino huweza kupenya hadi usoni pa picha. Kando nikabandika kipande cha kitambaa kilekile cheupe.

Kazi ngumu ilikuwa maelezo. "Padre anammiminia maji." "Msimamizi ameshika mshumaa." Hayo yaliandikika upesi. Ndipo ikaja picha ya bibi ameketi kwenye benchi, mtoto mapajani. Niliandika "Bibi amembeba mjukuu," nikafuta. Hata gunia hubebwa. Mtoto aliyelazwa mapajani na kuzungukwa na mikono hupakatwa. Nikaandika: "Bibi amempakata."

Binti yangu alipokipitia kitabu, kidole chake kilisita hapo. "Baba, wewe ndiye uliyetufundisha. Si ingekuwa alimpakata?"

Swali lilikuwa la haki. Kiambishi -li- husimulia tendo lililokwisha kupita. Lakini -me- huweza kueleza tendo lililotimia ambalo hali yake ingalipo: aliyeketi kitini tunasema ameketi, aliye usingizini amelala. Katika picha ile mikono haijaachia. Nilitaka kumjibu hivyo, kialimu, sauti ikagoma. Nikamfungulia ukurasa wa mwisho, nilikokuwa nimemwandikia mtoto ubeti huu:

Mjukuu shika hiki, kitabu cha siku yako,
Bibi yako hatoweki, ameshika vazi lako,
Nyakati hazirudiki, wala hazina mwaliko,
Bibi amekupakata, macho yake yako kwako.

Aliusoma mara mbili, kimyakimya. Kisha akaurudia ukurasa wa picha, akaichukua penseli yangu. Nilidhani anasahihisha, nami nilikuwa tayari kusahihishwa. Hakufuta kitu. Chini ya maneno yangu aliongeza mstari mmoja, kwa herufi zilizolala upande kama za mama yake:

"Mama yako ndiye aliyepiga picha hii. Bibi alikuwa akimwimbia."

Hilo la kuimba sikulijua. Siku ile nilikuwa nje, nikiwapokea wageni. Nikamwomba aniambie ni wimbo gani, akaanza kuuimba, akakwama katikati. Tumeacha nusu ukurasa wazi kwa ajili ya maneno yake.