Mbwa wa Marehemu

Mume wangu alipofariki aliniacha na watoto watatu, ekari mbili za mahindi na mbwa mmoja mwekundu aitwaye Watasema. Sisi wa Kwamsisi, huku Handeni, tunajua thamani ya mbwa. Nguruwe pori wakiingia shambani usiku mmoja, jasho la msimu limekwenda. Mchana ngedere nao wana zamu yao. Ndiyo maana hata sisi Waislamu tunamfuga: mbwa wa kulinda shamba dini imemruhusu, ila chombo chake kinakaa mbali na vyetu.

Marehemu alikuwa akitoka naye jioni kwenda dunguni, wanarudi alfajiri wote wawili wamelowa umande. Nilipoingia eda, shemeji alimfunga mnyororo kwenye mwembe, kando ya njia iendayo kisimani. Alitaka kunipunguzia mzigo.

Tangu siku hiyo mbwa hakunyamaza. Mchana anambwekea kila apitaye na ndoo; usiku anabweka tu, sauti ileile, mpaka jogoo awike. Nilimkemea. Nikamrushia kijiti cha kuni. Kadiri nilivyopaza sauti ndivyo alivyozidi. Jirani yangu mwenye mtoto mchanga alivumilia wiki ya kwanza. Ya pili akaacha kuniletea maji. Mwezi wa pili yakaanza maneno: mbwa yule ana kichaa, atiliwe sumu kabla hajauma mtoto wa mtu. Nami nimo ndani, sina usingizi, sina wa kunisemea, namlilia mume wangu na mbwa wake kwa pamoja.

Mwenyezi Mungu akamleta bwana mifugo, siku ya chanjo ya kichaa cha mbwa. Hakuanza na sindano. Alichuchumaa, akamtazama kwanza.

"Mama, anabweka hivi tangu lini?"

"Mwezi wa pili sasa, mwanangu."

"Basi si kichaa. Mwenye kichaa sauti hukauka, udende humtoka, kumeza hawezi, na dalili zikishaanza kwa kawaida hamalizi siku 10."

Kisha akainua ule mkanda wa shingoni, kipande cha mpira wa baiskeli. Chini yake nyama ilikuwa mbichi mzunguko mzima. Akageuza sikio: kupe wamejipanga ndani kama mbegu za nyonyo. Nilikuwa nikimwona kila siku, na hayo sikuyaona.

Alinieleza kwa upole. Mbwa hubweka akiona mgeni, akiwa na hofu, akiumwa, akiwa na njaa, akiachwa peke yake au akikosa kazi. Huyu alikuwa na sababu hizo karibu zote. Nikimkemea, yeye husikia kama namsaidia kubweka. Na aliyefungwa hawezi kukimbia wala kusogea akanusa. Amebakiwa na sauti.

Tukafanya alivyosema. Kupe tuliwatoa, kidonda tukakiosha kwa maji ya chumvi. Shemeji akamjengea banda nyuma ya nyumba, asikoiona njia ya kisimani. Chakula chake kikawa na saa, magharibi. Akibweka ovyo hatumkemei wala hatumpi kitu. Akinyamaza tu, kijana wangu mkubwa anamwita jina taratibu na kumtupia tonge la ugali. Na kubwa kuliko yote, kijana alianza kwenda naye dunguni, kama baba yake.

Asubuhi ya kwanza mbwa alirudi hoi, akalala mpaka adhuhuri. Hakuacha kubweka kwa siku moja. Mvua ikiwazuia kwenda shamba, alirudia yaleyale, nasi tukashikilia yetu. Hadi eda yangu inatimia, miezi 4 na siku 10, nilikwisha kuzijua sauti zake: ya kukatakata ni mtu njiani, nzito isiyokoma ni nguruwe, nyembamba ya kuvuta anataka mwenzake. Na kati ya sauti hizo kulikuwa na usiku mtulivu, tukalala. Jirani akaja na ndoo ya maji, mwanawe mgongoni, akaketi.

Ndugu yangu, kama mbwa wako anakukosesha usingizi, najua uchungu wake. Ila kabla hujaokota jiwe, mwite karibu, umpitishe mkono chini ya mkanda.