Kalamu Nyekundu

Katuba, Lubumbashi

Mwanangu,

Tantine amefika salama kutoka Kinshasa, na daftari lako nimelipokea likiwa limefungwa ndani ya kitenge kama mtoto mchanga. Nimelisoma jioni tatu, umeme ulipokubali. Mama mkubwa anakusalimu, na anauliza kama huko unapata sombe iliyotwangwa vizuri.

Uliniomba nikuambie ukweli juu ya ulichoandika. Haya.

Kurasa zako nne juu ya *Entre les eaux* ya Mudimbe ni safi mno. Umetaja kwamba kitabu kilitoka mwaka 1973, kwamba mwandishi alizaliwa Likasi wakati mji ule ungali ukiitwa Jadotville, na kwamba alifundisha hapa kwetu kabla ya kuhamia Marekani, alikofariki mwaka 2025. Yote kweli. Lakini wewe uko wapi? Padri Pierre Landu anaiacha misheni, anawafuata waasi msituni, na huko nako hapati pa kutulia. Nawe uliyelelewa katika nyumba ya rozari kila jioni, hukushtuka hata kidogo? Nimetafuta sentensi moja ambayo mwanafunzi mwenzako asingeweza kuiandika, sikuiona. Mimi kitabu hicho nilikiheshimu miaka mingi bila kukipenda. Kilikuwa baridi mikononi mwangu. Baadaye nikatambua kwamba nilikuwa namwogopa mtu anayejichunguza bila huruma namna ile. Mudimbe hapungukiwi kitu nikisema hivyo.

*Tram 83* umeiacha ukurasa wa thelathini kwa kuwa ni chafu na ina kelele. Hapo angalau nilikusikia. Mwandishi wake, Fiston Mwanza Mujila, ni mtoto wa mji huu, amezaliwa 1981, na siku hizi anaishi Graz, Austria. Nami kilinichosha nilipokisoma kimya. Siku moja nikakisoma kwa sauti uani, na zile orodha ndefu zikaanza kupiga kama ngoma. Mwenyewe hupanda jukwaani na wapiga saksafoni akisoma maandishi yake, kwa hiyo sidhani nilikosea. Namna wanawake wanavyotazamwa katika ile baa ya kitabuni ilinikera, na bado inanikera. Andika kero hiyo yote, mwanangu, useme ilianzia wapi na ilikugusa nini. Neno "chafu" peke yake halinitoshi.

Sasa tuje kwa Yav. Juu yake umeandika mistari miwili: Kiswahili kibovu, makosa kila mahali, nimeacha. Mistari hiyo imeninyima usingizi, kwa maana mimi nilitangulia kuiandika kabla hujazaliwa.

André Yav aliandika *Vocabulaire* ya mji wa Elisabethville, jina la zamani la mji wetu huu, mwaka 1965, kwa ajili ya chama cha watu waliokuwa wakifanya kazi katika nyumba za wazungu: maboi, wapishi, walezi wa watoto. Ilipigwa kwa mashine tu, na wengi tusingeiona kamwe kama Johannes Fabian na Kalundi Mango wasingeitoa kama kitabu mwaka 1990. Fotokopi yake ilinifikia nikiwa mwalimu, na kalamu nyekundu ilikuwa mfukoni. Nikaanza kusahihisha. Kila *ba* niliigeuza *wa*. Niliweka nukta, nilikata sentensi, niliandika alama za kuuliza pembeni. Nilimaliza kurasa sita namna hiyo, nikijiona nafanya kazi njema.

Kisha nikafika kwenye mgomo wa Desemba 1941, wafanyakazi wa kampuni ya migodi, Union Minière, walipopigwa risasi hapa mjini. Kalamu ikasimama. Mwaka ule baba yangu, nkambo wako, alikuwa boi. Alilala katika boyeri nyuma ya jiko la bwana wake, naye alisema hivi hivi kama Yav anavyosema, kwa *ba* zile zile. Sisi watoto tuliosoma tulikuwa tukimsahihisha mezani, mbele ya bukari yake mwenyewe. Alicheka mwanzoni. Polepole akaacha kusimulia, na alipokufa nilikuwa sijui hata jina la mtaa alikofanyia kazi miaka ile yote. Pale mezani pangu, na kalamu ile mkononi, nilikuwa namnyamazisha mara ya pili.

Kiswahili unachokiita kibovu kilipikwa katika makambi ya wafanyakazi na watu waliotoka Kasai, Rwanda na Rhodesia ya Kaskazini, wengi wao wakiwa na lugha nyingine za mama zao. Kwacho waliombana chumvi, wakaoana, wakagoma. Yav anakitumia kusimulia tangu Leopold II na mfalme Msiri hadi uhuru, na anasimulia kama mtu aliyesimama na sahani mlangoni huku wakubwa wakizungumza wakidhani hasikii. Nani mwingine angetupa hayo? Hata batumbula, wale wakamata watu wa usiku, nahisi uliwacheka ukageuza ukurasa. Nkambo wako hakuwacheka. Giza likiingia hakutoka nje ya ua, hata uzeeni, na mimi nilidhani ni miguu inayomsumbua.

Mwanangu, aibu uliyoipata ukurasa wa kwanza ni yako kweli, usiifiche. Ila iulize ilitoka kwa nani. Mimi yangu ilitoka shuleni, na niliibeba mpaka nyumbani kwa baba yangu.

Tantine anarudi huko Alhamisi. Nimempa fotokopi yangu akuletee. Yeye hakusoma sana, lakini alikaa na nkambo miaka ya mwisho kuliko sisi wote. Msomee kwa sauti, jioni, bila haraka na bila kusahihisha. Pale atakapokukatiza, pale atakapocheka au kunyamaza, weka alama kwa penseli, uniandikie alisema nini. Uniandikie pia wewe ulisikia nini, kwa Kiswahili chetu kama kinavyokuja mdomoni. Utaona kurasa sita za mwanzo zimejaa wino mwekundu. Nilitaka kukutolea nakala nyingine iliyo safi, kisha nikaona afadhali uzipate jinsi zilivyo.

Baba mkubwa wako