Kwa mbogo, risasi gani?

Ninyi mnaonisikiliza kila jioni mkiwa mbali na vijiji vyenu, leo siwaletei habari ya barabara wala ya bei ya mchele. Nawaletea swali nililoulizwa.

Juzi kijana mmoja aliyekimbia kijiji chake upande wa barabara ya Komanda alinikuta hapa Mambasa, kwenye kibanda cha kuchajia simu. Akafungua kiganja. Kartushi mbili za kaliba 12: moja ya shevrotini, nyingine ya donge moja zima. "Papa, kwa mbogo nipeleke ipi?" Bunduki alikuwa ameazimwa. Yeye na wadogo zake wamepokelewa katika nyumba ya watu, kumi na mmoja chumba kimoja, na mama mmoja wa sokoni amemwahidi kununua nyama yote atakayoleta. Aliniuliza mimi kwa sababu alisikia marehemu baba yangu alikuwa mfuata nyayo.

Sikumjibu palepale. Nilimwambia arudi kesho yake. Nikaenda nyumbani, nikatoa kopo la zamani la maziwa ya unga ambalo tumekimbia nalo mara mbili. Ndani mna kipande cha madini kilichopondeka, mfano wa uyoga uliokanyagwa. Ni risasi ya Mauser, au tuseme nusu yake.

Baba alifuata nyayo kwa mwenye shamba mmoja wa kahawa, kabla mimi sijaanza shule. Bunduki ilikuwa Mauser ya 9.3×62, aina iliyobuniwa Berlin mwaka 1905 na fundi Otto Bock, na walowezi wengi wa Afrika waliipenda kwa sababu haikuwa ghali na iliwatosha kwa wanyama wakubwa. Risasi yake ina uzito wa gramu 18 na nusu hivi. Lakini uzito si habari yote. Kulikuwa na Mauser nyingine ya 10.75, nene kuliko hiyo, na wawindaji waliilalamikia kwamba risasi yake ni fupi mno kwa unene wake, haiingii ndani. Mwenye shamba alikuwa na aina mbili za risasi, na mbebaji alikuwa baba: laini mfuko wa kushoto, ngumu mfuko wa kulia.

Laini ni ile ambayo ncha yake ni madini ya risasi yaliyo wazi, na sehemu iliyobaki imevikwa shaba. (Lugha yetu inaita madini na kitu chenyewe kwa jina moja, mnivumilie.) Ikigusa nyama, ncha inafunguka, inapanuka karibu mara mbili, inakata tundu pana, na mara nyingi inabaki ndani ya mnyama. Kwa swala au nguruwe wa msituni hakuna inayoua upesi kuliko hiyo. Ngumu imefunikwa mbele kwa ganda nene, au ni chuma kimoja kizima. Haifunguki. Inakwenda moja kwa moja, inavunja mfupa, inatokea upande wa pili. Kwa kichwa cha tembo wawindaji wa zamani hawakutaka nyingine. Yule Bell aliyeua tembo zaidi ya elfu moja, wengine katika eneo la Lado lililokuwa chini ya mfalme Leopold, alitumia bunduki ndogo ya milimita 7 tu, lakini risasi zake zilikuwa ngumu. Mimi simsifu. Nasema tu jinsi kitu kilivyofanya kazi.

Mbogo yuko katikati ya hao wawili, na hapo ndipo ubishi ulipo. Wengi huweka laini ya kwanza, ngumu zinafuata. Sababu ni kwamba mbogo hutembea kwa kundi: ngumu inaweza kumpita unayemwona na kumjeruhi usiyemwona nyuma yake. Ndivyo mwenye shamba alivyofanya siku ile. Mnyama alikuwa amesimama mshazari, bega mbele. Risasi laini ikagonga mfupa wa bega, ikafunguka mapema mno, ikavunjika. Mbogo akaingia kichakani. Asubuhi walimfuata, baba mdogo akiwa mbele. Mbogo aliyejeruhiwa huzunguka na kuvizia kando ya njia aliyopita mwenyewe, na huyu alifanya hivyo. Baba mdogo hakufika saa sita mchana. Jina ninaloitwa ni lake.

Mwenye shamba alisema risasi ilikuwa mbovu. Baba alikataa mpaka kufa kwake: risasi ilifanya ilichotengenezewa, kosa ni kutomngoja mnyama ageuke ubavu, au kutoanza na ngumu ilhali nyuma yake hapakuwa na mwingine. Mimi miaka mingi nimekuwa upande wa mwenye shamba, kwa sababu ni rahisi kuchukia kipande cha madini. John Nosler wa Marekani, aliyeshindwa kumwangusha mnyama mkubwa mwaka 1946, alitengeneza risasi yenye ukuta katikati: mbele inafunguka, nyuma inabaki nzima. Alianza kuiuza 1948. Siku hizi kuna za shaba tupu zinazochanua bila kuvunjika. Hizo hazifiki soko la Mambasa.

Kinachofika ni kartushi. Shevrotini ina punje tisa hivi, kila moja haifiki gramu nne. Kwa mboloko zinatosha. Kwa mbogo zinaishia kwenye ngozi na nyama, naye anaondoka nazo akiwa na hasira. Donge ni zito lakini ni madini laini yanayokwenda polepole. Likikuta bega, linaweza kuwa kama kile kilicho ndani ya kopo langu. Kuna ya tatu ambayo kijana hakunionyesha, ya Kalashnikov. Hiyo ni ngumu, maana mwaka 1899 huko Hague mataifa yalikubaliana kutotumia vitani risasi zinazofunguka mwilini mwa mtu. Inapita. Ninyi mliolala chini ya mbao na maturubai mnajua inavyopita. Msituni inampita mnyama, anakwenda kufia mbali, halafu inaendelea kuelekea njia ambazo mama zetu wanakatia kuni.

Na ikiwa nyama imekufikia, kata sehemu pana kuzunguka jeraha, uitupe. Vipande vya madini hayo huenea mbali kuliko jicho linavyoona, na ni sumu kwa watoto.

Kijana alirudi. Nilimwekea kipande kile mkononi, nikamwambia kwa mbogo hakuna hata moja ya hizi, na kwamba sheria ya uwindaji ya 1982 inadai kibali ambacho hana. Alikipima kipande, akanirudishia.

"Na wadogo zangu, Papa?"

Sikuwa na neno. Aliondoka na kartushi zote mbili katika mfuko wa shati, na leo asubuhi nimeambiwa bunduki imerudi kwa mwenyewe. Kartushi hakuna aliyeniambia habari zake.