Mgonjwa wa Kiharusi Anapoacha Nusu ya Sahani



Ndugu yangu katika imani, neema ya macho tunaishukuru. Je, umewahi kumshukuru Allah kwa neema ya kuzingatia kile ambacho macho yanakiona? Hizi ni neema mbili, na kiharusi kinaweza kuondoa ya pili na kuiacha ya kwanza.

Kiharusi hutokea damu inapokosa kufika sehemu ya ubongo kwa mshipa kuziba, au mshipa unapopasuka. Kikipiga upande wa kulia wa ubongo, mkono na mguu wa kushoto huweza kupooza. Hilo tunalijua. Tusilolijua wengi ni kwamba upande wote wa kushoto unaweza kutoweka katika mazingatio ya mgonjwa, na macho yake ni mazima. Anakula wali wa upande wa kulia wa sahani, kisha analalamika amepewa kidogo. Izungushe sahani, utamwona anaendelea kula.

Hata katika kumbukumbu ni hivyo. Mwaka 1978 watafiti wa Italia, Bisiach na Luzzatti, walieleza habari za wagonjwa walioombwa wafikirie wamesimama katika uwanja mkuu wa mji wa Milan. Walitaja zaidi majengo ya kulia. Walipoambiwa wafikirie wamesimama upande wa pili, wakayataja yale waliyoyaacha mwanzo! Subhanallah. Elimu wanayo, ila hawakuweza kuigeukia.

Sasa sikiliza. Mimi huitwa kuwasomea ruqya wagonjwa wa namna hii, na nyumbani kwao nasikia maneno: "Mzee ana kiburi, namsalimia haitikii." "Ni upepo mbaya." Ndugu yangu, huenda ulisimama kushoto kwake. Zunguka, simama kulia, umsalimie tena. Akitawadha akauacha mkono wa kushoto, mwelekeze kwa upole, usimfokee. Sheria yetu haimbebeshi mtu asichokiweza. Na wataalamu wa mazoezi wakuoneshe namna ya kumzoeza kugeuka kushoto kidogo kidogo.

La hatari zaidi ni hili: baadhi yao hawajui kabisa kwamba wanaumwa. Mkono umelala, naye anakwambia, "Mimi mzima." Hasemi uongo, sehemu ya ubongo ambayo ingemjulisha ndiyo iliyoguswa. Basi ukiona ghafla mdomo wa mtu umekwenda upande, mkono umelegea au maneno yanamtatiza, usingoje akubali. Mpeleke hospitali saa hiyohiyo. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, kwa anayefaa kupewa, kwa kawaida hutolewa ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili zianze. Ruqya msomee njiani.

Na sisi wazima tujiulize. Yule mgonjwa haoni upande mmoja, wala hajui kwamba haoni. Hiyo ndiyo hali ya moyo ulioghafilika. Mama yako amekaa mwezi mzima hajasikia sauti yako, nawe ukiulizwa unasema, "Sina tatizo na mtu." Mgonjwa ana udhuru wake mbele ya Allah. Wewe na mimi udhuru wetu ni upi?

Allah awaponye wagonjwa wetu, awape subira wanaowauguza, na atuzindue sisi kabla ya mauti. Aamin.

Mtumie mwenzako mwenye mgonjwa nyumbani.

Wabillahi tawfiq.