Chai ya Gololi

Elimu ni taa, lakini mwenye taa aweza kuumulika ukuta akamwacha mwenziwe gizani. Jambo hili sikulipata kitabuni. Nililipata Maisaka, katika mji wa Babati, mbele ya meza iliyotandikwa kitambaa cha plastiki, nikiwa na bilauri ya chai baridi mkononi.

Nilikuwa nimekwenda kumjulia hali kaka yangu. Basi la Arusha liliniteremsha adhuhuri, na Mlima Kwaraa ulikuwa umejifunga kilemba cha mawingu. Nilimwamkia kaka, akaitikia marahaba, kisha akasema, "Mdogo wangu, leo hatuli nyumbani. Mwanao amefungua mgahawa. Twende ukamtazame."

Mgahawa wenyewe ulikuwa chumba kimoja cha mbele ya nyumba, chenye meza nne. Wateja waliokuwamo ni waendesha bodaboda, walimu wawili na vijana wa shule. Binti wa kaka alitoka jikoni, akasema, "Shikamoo, baba mdogo," akatuletea bila kutuuliza vyakula alivyojifunza katika mgahawa mmoja wa Dar es Salaam alikofanya kazi miaka kadhaa: tambi zilizokaangwa kwa mboga na tangawizi, wali wa mayai wa mchele wa Magugu, na mbaazi zilizopondwa na kuungwa kwa mtindo wa Bara Hindi. Mwisho alileta bilauri mbili za chai ya maziwa, baridi, yenye vidonge vyeusi vya mviringo vilivyotua chini, na mirija minene ya kuvivutia.

Kaka aliitazama bilauri kama mtu atazamaye kisima asichokijua kina chake. "Hivi ni nini?" akauliza.

"Ni muhogo, baba. Nimeukuna, nimeukamua, nikayaacha maji yatuame nikatwaa wanga wake. Kisha nimevifinyanga vidonge na kuvichemsha kwa sukari guru."

Hapo mazoea ya darasani yakanishika. Nilieleza kuwa chai ya namna hii ilizuka Taiwan katika miaka ya 1980, lakini muhogo uliotiwa ndani yake asili yake ni Amerika ya Kusini, nao uliletwa Afrika na Wareno katika karne ya 16. Nilieleza kuwa neno chai shina lake ni Uchina, kwamba chapati tumeipata kwa Wahindi na sambusa ina nasaba ya Uajemi, na kwamba hata neno mgahawa limezaliwa na kahawa ya Waarabu. Walimu wawili waligeuza viti vyao wanisikilize, nami nikazidi kunoga. "Hata mbaazi hizi," nikasema, "zilitoka Bara Hindi. Tukazipanda, na sasa tunawauzia wenyewe."

Neno mbaazi liliponitoka, kaka aliweka kijiko chini. Hakusema kitu. Binti akaanza kuifuta meza iliyokuwa safi. Ndipo nilipotambua kuwa nimetonesha kidonda, na kwamba aliyekichimba kidonda hicho ni mimi.

Msomaji, yanipasa nieleze. Huku Babati wakulima wengi hupanda mbaazi pamoja na mahindi. Mahindi huvunwa kwanza, mbaazi zikabaki shambani. Mahindi ni chakula, mbaazi ni fedha. Mwaka 2017 mbaazi za kaka ziliwahi kukomaa, akajaza magunia 18, na fedha yake ilikuwa imekwisha kupangiwa kazi kabla ya kupatikana: ilikuwa ada ya chuo ya binti huyu. Mnunuzi wa kwanza alikuja mwezi wa Julai na bei iliyokuwa ndogo kuliko ya miaka iliyotangulia. Kaka akanipigia simu. "Wewe ni daktari," alisema, "wasoma habari za dunia. Niuze, au ningoje?"

Nilikuwa nikisahihisha mitihani. Sikumwuliza bei, sikumwuliza mnunuzi ni nani, wala sikujiuliza mbaazi zinakwenda wapi. Nilimjibu, "Kaka, subira huvuta heri." Akangoja.

Mwezi wa Agosti serikali ya India, ambayo wakulima wake walikuwa wamevuna kwa wingi hata bei yao ikaanguka, iliweka kikomo cha tani 200,000 kwa mwaka kwa mbaazi ziingiazo nchini mwake. Wanunuzi hawakuonekana tena mlangoni pa kaka. Magunia mengine yalibunguliwa ghalani, mengine yakauzwa kwa bei isiyorudisha hata gharama ya palizi. Mlango ule wa India ulifunguliwa tena mwaka 2021, lakini ada ya chuo haingoji miaka minne. Binti alifunga mzigo wake, akaenda Dar es Salaam kuosha vyombo katika jiko la watu, na kutoka kuosha akafika kupika.

Kaka hakunilaumu hata siku moja, nami nilikuwa nimeufanya ukimya wake kuwa msamaha. Siku ile niliona haya kuendelea kunywa. Nikasema, "Kaka, ile simu ya mwaka 2017 niliijibu vibaya. Ulitaka habari, nikakupa methali."

Alinyamaza kitambo. "Methali haikuwa na kosa," akasema. "Kosa ni kuwa uliitoa upesi mno." Kisha akainua kijiko. "Kula, chakula kinapoa."

Binti alirudi na ubao mdogo na chaki. "Baba mdogo," alisema, "chai hii sijaiandikia jina. Wewe ndiye mwenye maneno. Niiandike vipi?"

Ulimi wangu ulikuwa tayari na majina matatu, kila moja na hoja zake. Nikaumeza ulimi. "Wateja wako wanaiitaje?" nikauliza.

Akacheka. "Hawa wa shule wanaiita chai ya gololi."

"Basi andika hivyo. Jina limekwisha zaliwa, halihitaji mkunga." Kisha nikamwuliza maswali ambayo ilinipasa kumwuliza baba yake miaka ile: muhogo anaununua wapi na kwa bei gani, maziwa hukaa muda gani umeme ukikatika, bilauri ngapi huuzwa kwa siku, na faida hubaki kiasi gani. Alinijibu yote kwa hesabu safi, na mengi aliyajua kuliko nilivyojua kuuliza. Kaka naye alitia neno lake kuhusu jirani mwenye shamba la muhogo awezaye kuuza kwa bei nafuu. Tulihesabu watatu sisi hata jua likainama upande wa ziwa.

Nilipotaka kulipa, binti alikataa. Kaka akamwambia, "Pokea, mwanangu. Hiyo ni biashara." Akapokea.

Ningali nawafundisha wanafunzi wangu methali, kwa kuwa ni hazina ya wazee wetu. Lakini mtu aniombapo shauri, sasa huanza kwa kumwuliza habari zake. Methali naiweka mwisho, kama chumvi ya mezani, ambayo mwenye adabu haongezi kabla ya kuonja.