Chuo na Wodi Yake

Kwetu Masasi mtoto akimaliza shule baba husema, lakini mwenye neno ni mjomba. Sisi Wamakua tunahesabu ukoo kwa mama, na kaka wa mama ndiye anayeulizwa mpwa wake ataolewa wapi, atasoma nini, na korosho za nani zitauzwa kumlipia. Mwanzoni mwa mwaka 2008, matokeo ya kidato cha nne yalipotoka na mimi nikiwa na daraja la tatu, mjomba alifika nyumbani na jibu lake tayari: ualimu. Alikuwa na hoja nzito. Shule za kata zilikuwa zinafunguliwa kila upande, walimu wanatafutwa, na aliyetoka chuo cha ualimu hakukaa sana nyumbani kabla ya kupangiwa kituo. Mimi nilitaka uuguzi.

Zahanati yetu ilikuwa na muuguzi mmoja, mama mtu mzima aliyetokea Lindi. Tulimwita Sista ingawa hakuwa mtawa. Usiku alizalisha kwa mwanga wa chemli, asubuhi unamkuta yuko kwenye mizani ya kliniki anapima watoto. Siku mama mdogo alipojifungua, damu ilikataa kukatika. Nilikuwepo mlangoni. Sista aliweka mkono juu ya tumbo la mama mdogo, chini kidogo ya kitovu, akawa anakanda kwa nguvu kwa mwendo wa kuzunguka, na huku anatuagiza kwa sauti ile ile anayotumia kila siku: wewe lete kanga safi, wewe mwambie mwenye gari asiondoke, mtoto awekwe kwenye titi. Baada ya muda alituambia tumbo limekuwa gumu, kizazi kimejikaza. Mama mdogo yuko hai mpaka leo. Toka siku ile nilitaka kujua kile ambacho mkono ule ulikuwa unakijua.

Haya sikumweleza mjomba kwanza, maana hoja ya moyo kwake haikuwa na uzito. Nilimweleza habari za MMAM. Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi ulikuwa umetangazwa mwaka 2007, na mtendaji wa kijiji alikuwa amekwisha kuusema mkutanoni: zahanati kila kijiji, kituo cha afya kila kata. Nikamuuliza, "Mjomba, majengo hayo yote yakisimama, watakaa akina nani ndani?" Alinyamaza, akaomba maji ya kunywa, kisha akaniuliza chuo chenyewe kiko wapi na ada yake ikoje. Nikajua mlango umefunguka.

Kuchagua chuo lilikuwa jambo jingine. Wenzangu walitaja Muhimbili kwa sababu iko Dar es Salaam. Vilikuwepo vyuo vya karibu, Mtwara na Newala. Kulikuwa na Peramiho upande wa Songea, na Ndanda pale pale njiani kuelekea Mtwara, kwa Wabenedikti. Nilipeleka majina hayo kwa Sista kama mtu anayepeleka barua isomwe. Hakuuliza kuhusu majengo wala bweni. Aliuliza, "Hospitali yake inazalisha kina mama wangapi kwa mwezi? Na wanafunzi wa vyuo vingapi wanagombania leba hiyo?" Kisha akaniambia neno ambalo nimelitumia maisha yangu yote ya kazi: "Mwanangu, darasani utafundishwa popote. Mikono inafundishwa wodini. Nenda kaione wodi kabla hujaandika barua."

Basi nikapanda gari mpaka Ndanda, nikakaa kwenye benchi la wagonjwa wa nje kama mtu aliyesindikiza ndugu. Niliwaangalia wanafunzi. Walikuwa wanatandika vitanda, wanapima joto, wanabeba mikojo kwenda maabara, na kila mmoja alionekana anajua anakokwenda. Walikuja wagonjwa kutoka Masasi, Nachingwea, wengine Tunduru. Mwanafunzi mmoja aliinama kumsikiliza bibi aliyekuwa anaongea Kimakonde tu, akaenda kumtafuta mtu wa kutafsiri badala ya kubahatisha. Kwangu hilo lilitosha. Ninasema hivi nikijua watu wengine walisoma kwingine na wakawa wauguzi hodari kuliko mimi; ninachotetea ni kwenda kuona.

Maombi ya wakati ule yalikuwa ya karatasi. Barua niliiandika kwa mkono, wino wa bluu, nikaeleza mimi ni nani, nimesoma wapi, nimepata alama gani katika Baiolojia na Kemia, na kwa nini naomba. Aya ile ya "kwa nini" Sista aliirudisha. Nilikuwa nimeandika kwamba napenda kusaidia watu. Akasema kila mwombaji anaandika hivyo, na anayeisoma hapati cha kumshika. Nikaandika upya habari ya mama mdogo, kwa mistari michache. Nikaambatanisha nakala ya matokeo iliyogongwa muhuri wa hakimu, cheti cha kuzaliwa, picha za pasipoti na barua ya mtendaji, nikazitia kwenye bahasha ya kaki, nikazipeleka posta Masasi.

Usaili ulikuwa wa kuandika na wa ana kwa ana. Wa kuandika uliuliza mambo ya shule: moyo una vyumba vingapi, chumvi ukiichanganya na maji inakuwaje, na hesabu za kugawanya dozi ambazo ziliwatoa jasho wengi. Wa ana kwa ana ulikuwa mfupi. Niliulizwa mgonjwa akinitapikia nitafanya nini. Nikajibu kwamba nitamgeuza ubavu kwanza asipaliwe, halafu ndiyo nitajisafisha. Nilikuwa nimemwona Sista akifanya hivyo.

Nafasi niliipata; ada ndiyo ilitutesa. Chuo kilikuwa kinaanza Septemba, na korosho kwetu zinaanza kuokotwa wakati huo huo. Pesa yenyewe inakuja baadaye. Tena msimu uliotangulia mkoa wa Mtwara ulikuwa umeingizwa kwenye stakabadhi ghalani: wakati ule ulipeleka korosho chama cha msingi, ukapewa malipo ya kwanza, ya pili ukayasubiri mnada, na majaliwa, yaani malipo ya ziada, kama yapo. Wazee wengi walilalamika. Mjomba wangu aliona upande wake mzuri, kwamba sasa ana karatasi ya kumwonyesha mtu. Alivaa koti, akaenda chuoni na stakabadhi zake mfukoni, akaongea na mhasibu, wakaandikiana: sehemu siku ya kuripoti, nyingine baada ya malipo ya pili. Vijana wengi huona aibu kuuliza kama ada inaweza kulipwa kwa awamu. Ulizeni. Jambo hilo linazungumzika kuliko mnavyodhani, ilimradi uulize kabla ya kuripoti.

Miaka mitatu ya chuo siwezi kuimaliza hapa. Nitasema moja tu, kwamba Sista alikuwa sahihi. Siku ya kwanza mwalimu aliposhika mkono wangu akauweka juu ya tumbo la mama aliyetoka kujifungua na kuniambia "tafuta mpira," nilitafuta mpaka nikaupata: kitu cha mviringo, kigumu, ukubwa kama dafu changa, chini ya kitovu. Mwalimu akaniambia nikikosa kuusikia hapo, nikasikia tumbo laini tu, nianze kukanda na kuita msaada saa hiyo hiyo. Kitabu kilikuwa kimeshaniambia hayo, lakini kuanzia siku ile niliyajua kwa vidole.

Leo mimi ni muuguzi mfawidhi katika kituo cha afya, na kila mwaka matokeo yakitoka vijana wanakuja na simu mkononi. Maombi yako mtandaoni. Kuna kitabu cha mwongozo cha NACTVET, baraza linalosajili vyuo, kinachoonyesha chuo gani kimesajiliwa, kina nafasi ngapi na ada kiasi gani. Ni jambo jema sana. Mtoto wa Nanyumbu anaomba bila kulipa nauli ya kwenda popote. Nakaa nao. Nawaeleza kwamba katika ngazi za mafunzo, ya nne na ya tano ni astashahada, ya sita ndiyo stashahada. Kwamba baada ya cheti kuna mtihani wa Baraza la Uuguzi na Ukunga, na bila leseni yao hugusi mgonjwa. Kwamba Bodi ya Mikopo ilianza kukopesha wa stashahada mwaka 2023/24 lakini kwa fani zilizoorodheshwa, kwa hiyo wasome orodha ya mwaka wao kabla ya kuipigia hesabu. Kisha naomba wanionyeshe chaguo la kwanza, nawauliza swali la Sista: hospitali yao ya mafunzo ni ipi? Wengi hawajui. Vyuo vimeongezeka mno tangu nilipoomba mimi, na vingine havina hospitali yao, wanafunzi wanapelekwa hospitali ya wilaya wanakokutana na wa vyuo vingine, wanazunguka kitanda kimoja wengi kuliko nafasi. Hilo linaniuma. Mama anayejifungua hastahili kuzungukwa na umati, na mwanafunzi hajifunzi kwa kuchungulia bega la mwenzake. Kwa hiyo nawaambia wapige simu chuoni waulize, na kama pako karibu waende.

Wapo ninaoshindwa kuwasaidia. Masharti yanataka ufaulu usiopungua D nne, zikiwamo za Kemia, Baiolojia na Fizikia, na mara nyingi anayekuja ofisini kwangu ni binti mwenye Baiolojia nzuri, mwenye moyo, mwenye utulivu ninaoutafuta kwa mkunga, lakini Fizikia aliiacha alipoingia kidato cha tatu. Aliambiwa ni ngumu, au mwalimu hakuwepo, na hakuna aliyemwambia alikuwa anafunga mlango gani. Akija kwangu miaka miwili imepita. Ndiyo maana siku hizi simsubiri. Kila mwisho wa mwaka namwomba mkuu wa shule ya kata kipindi kimoja na kidato cha pili, kabla hawajachagua masomo, naenda na sare yangu, na naanza na wasichana waliokaa nyuma.